Ng'ombe wa Miguu ya Meza

Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilipoingia Musoma ilianzia madukani. Pale Mukendo watu wakaanza kuona tena sabuni za kuogea zenye harufu, dawa ya meno, mashati ya mitumba, na vijana waliokuwa wanapanga foleni ya unga mwaka juzi wakawa sasa ndio wenye maduka. Lakini hiyo ruksa haikufika kwenye kabati la vifaa vya sanaa la shule aliyosoma Jeska. Kabatini mlikuwa na kopo moja la rangi ya kijani, iliyokauka mpaka wanafunzi wakalifanya la kuzuilia mlango, na burashi moja ambayo panya walikuwa wamekula nywele zote wakaacha mti.

Mwalimu wa sanaa naye hakuwepo. Mwalimu Florian alikwenda Bunda Ijumaa moja kumtazama mgonjwa, akakutana na robota la mitumba, na mapenzi yakaanzia hapo. Waliomwona walisema anauza suruali sokoni, na kwamba amenenepa.

Jeska alikuwa kidato cha tatu. Kwao ni Kiriba, kwa mvuvi ambaye nyavu zake zilichakaa mwaka ule ambao nyuzi hazikupatikana nchi nzima, na hakupata nyingine tena. Ada yake ililipwa na mjomba wake, Boniphace wa Buswahili, mfugaji na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata chai hakuinywa bila kuiombea. Mjini alikaa kwa shangazi yake, Helena, chumba na sebule, Mukendo.

Siku moja Mwalimu Susana, makamu mkuu wa shule, alimwita ofisini.

"Jeska, majina ya mtihani yanapelekwa Mwanza. Mkaguzi wa Sanaa anakuja Ijumaa ya pili ya mwezi wa nane. Anataka kazi tatu za mkono wako, na barua ya mtu aliyekufundisha. Ukikosa, nakuandika Mapishi."

"Mwalimu, mapishi nayajua tangu nina miaka saba."

"Basi utafaulu."

Jeska hakuwa na mzaha na jambo hilo. Kulikuwa na chuo cha ualimu kilichochukua wanafunzi wa kuchora, na asiyekuwa na Sanaa kwenye cheti fomu yake haikufunguliwa hata bahasha. Hakukuwa na njia nyingine ya yeye kuishi kwa kuchora. Tangu yuko darasa la pili alichora kwa mkaa nyuma ya kalenda za kanisa, kwenye kuta za choo, kwenye mchanga wa ufukwe wa Kiriba mpaka ziwa likaja kufuta. Akatoka kutafuta mwalimu wa bei anayoiweza.

Akaanza Bunda kwa Mwalimu Florian. Alimkuta ameshika suruali ya jinsi kiunoni mwa mteja.

"Tuisheni natoa," alisema Florian bila kugeuka. "Lakini kwa saa. Saa moja ni bei ya suruali mbili. Siyo hizi za kitambaa. Hizi za jinsi."

Akaelekezwa Butiama, kwa mzee aliyewahi kuchora mabango ya elimu ya watu wazima. Akamkuta kweli, anapokea wageni vizuri, ila macho yalikuwa yameshafunga duka. Mzee alimpapasa Jeska uso mzima kwa vidole, taratibu, akamwambia ana kichwa kizuri cha kuchorwa. Basi, somo likaishia hapo, na hakumtoza kitu.

Wa tatu ndiye Kasmiri.

Kasmiri alikuwa fundi wa mabango, kibanda chake cha mabati ya madebe yaliyokunjuliwa kilikuwa nyuma ya barabara ya Mukendo. Biashara ilimnyookea ghafla, maana kila aliyefungua duka alitaka jina juu ya mlango, na kila saluni ilitaka kichwa cha mwanamke. Alikuwa mwembamba kama mpini wa burashi yake na alipenda kusimulia. Alisimulia kwamba alimchora sato kwenye ukuta wa hoteli moja, paka wa mtaa mzima wakahamia pale, mwenye hoteli ikabidi amwite arudi achore mbwa. Alisimulia kwamba mwaka ule kufuli zilipopotea madukani, mwenye duka mmoja alimwomba amchoree kufuli mlangoni, na wezi walipokuja walivunja funguo tatu kabla hawajakata tamaa. Ukimuuliza duka lipi, alikuwa anaonyesha kwa kidevu upande wa ziwa.

"Unaweza kuchora nini?" alimuuliza Jeska.

"Chochote, baba."

"Anayeweza chochote hajawahi kuchora kitu. Chora hili debe."

Jeska akachora debe. Kasmiri akaipokea karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Debe langu lina bonyeo hapa tumboni. La kwako jipya. Umelitoa wapi jipya, na mimi nimelitafutaga mji mzima sijalipata?"

Jeska akacheka, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Sikiliza mwanangu. Chora unachokiona. Usichore unachokijua. Mengine yote nitakayokwambia ni uongo, lakini hilo ni kweli."

Ada ikawa kibaba cha dagaa kila Jumamosi, ambacho mama yake alimtumia kwa watu wa Kiriba waliokuja mjini, na kazi ya kukwangua makopo na kuosha burashi kwa mafuta ya taa. Hapakuwa na mwingine mkoa mzima aliyefundisha kwa dagaa. Na kwa uongo wake wote, Kasmiri alifundisha. Alimfundisha kutengeneza nyeusi kwa masizi ya kibatari, nyekundu kwa udongo wa kichuguu, na burashi nyembamba kwa nywele za mkia wa ndama. Alimfundisha kwamba nyeupe ya jicho siyo nyeupe. Miezi mitatu ilipopita Jeska alikuwa anachora vichwa vya saluni peke yake, na mwalimu anakuja mwishoni kuandika pembeni: KASMIRI ARTS, MUSOMA. Aliandika hivyo kwenye kila kitu, hata kwenye beseni la kunawia.

"Baba, na jina langu?"

"Jina lako litakaa kwenye barua ya shule. Kwenye bango mteja analipia jina langu."

Kazi ya kwanza ikawa chungu na samaki wawili, kwenye kadibodi. Ya pili ikawa Shangazi Helena anachambua mchele. Ya tatu ilitakiwa iwe mnyama, kwa rangi ya mafuta, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu ubao hakuna na rangi ya mafuta hakuna. Mwezi wa sita akaja Bernado, mtu wa Bunda aliyekuwa anafungua bucha. Alileta ubao wa plaiwudi uliotoka kwenye sanduku la mashine, na makopo manne ya rangi aliyopata kwa shemeji yake Sirari, mpakani.

"Nataka ng'ombe," alisema. "Siyo hawa wenu wanaofanana na mbuzi mgonjwa. Nataka mtu akimwona asikie njaa."

Bernado alipoondoka, Kasmiri akamsukumia Jeska ubao. "Ng'ombe wako huyu. Mkaguzi akija tutaliazima bango kwa siku moja, nitamwambia Bernado linakwenda kupigwa vanishi. Barua nitaandika. Unaye ng'ombe wa kumtazama?"

"Ninaye."

Likizo ya Pasaka alikuwa ameimalizia Buswahili kwa mjomba wake. Mjomba Boniphace alikuwa na maksai mpya, mkubwa, mtulivu, pembe ya kushoto imeinama mpaka karibu na jicho kama mpini wa mwavuli, na begani baka jeupe lenye visiwa vyeusi ndani yake, ungesema mtu amechora ziwa. "Nimemnunua njiani," mjomba alisema, "kwa mtu aliyekuwa na haraka." Wenzake walipelekwa joshoni kuogeshwa kila wiki, yeye alibaki nyuma ya boma, mjomba anampaka dawa mwenyewe kwa kitambaa. Jeska hakuliuliza hilo. Yeye alifurahi kwamba mnyama anabaki nyumbani, akakaa naye siku kumi na daftari lake. Kwenye paja la kulia lilikuwepo kovu la moto, limekaa kama jembe, na maksai alipenda kukunwa pale. Ukimkuna alikuwa anafumba macho na kuegemea, nusura akuangushe. Jeska alimchora upande wa kushoto, kwa sababu upande huo ndio wenye ziwa.

Kwa michoro ile ya daftari akajaza ubao. Ilimchukua Jumamosi tano. Alipomaliza, Kasmiri alisimama mbele ya bango muda mrefu bila kusimulia chochote. Halafu akaandika jina lake pembeni, dogo kuliko siku zote.

Bunda walilipokea bango kama mgeni wa serikali. Wiki ya kwanza mbwa wote wa sokoni walikaa chini yake wakisubiri. Wiki ya pili bwana mifugo, akipita na daftari lake la ushuru, inasemekana aliongeza ng'ombe mmoja kabla hajavaa miwani. Kasmiri alipanda kwenda Bunda kila alipopata lifti, asimame karibu na bango asikie. Watu walimuuliza aliwezaje.

"Nilimsimamisha siku tatu huyu ng'ombe," aliwaambia, "namlisha mihogo kwa mkono wangu. Siku ya nne akachoka akataka kukaa. Nikamwambia subiri, nimalizie mkia."

Ikabaki wiki moja mkaguzi afike. Ikabaki siku tatu.

Jumanne ya wiki hiyo ilikuwa siku ya gulio, na mzee mmoja aitwaye Keraryo alishuka Bunda kununua chumvi ya mifugo. Alifika mbele ya bucha la Bernado akasimama. Akavua kofia. Walioona walisema alilisogelea bango akaliita kwa sauti ndogo, "Meja," kisha akazunguka nyuma ya ubao kumtazama upande wa pili. Hakukuta kitu nyuma isipokuwa mbao na misumari. Basi akaenda kuita sungusungu.

Meja alikuwa ameibiwa kwake mwezi wa pili. Na kwa watu wa kule, ng'ombe siyo kitu cha kumfananisha. Mzee Keraryo angeweza kuchanganya majina ya wajukuu zake, lakini pembe ile na ziwa lile asingevichanganya hata usingizini. Sungusungu wakalishusha bango, wakalifunga kamba shingoni kama ng'ombe mwenyewe, wakalipeleka ofisi ya kata pamoja na Bernado. Bernado akamtaja Kasmiri. Kasmiri akafuatwa Musoma Jumatano asubuhi, akaletwa.

"Wewe ndiye uliyemsimamisha siku tatu?" sajini wa polisi alimuuliza. "Na mihogo?"

Watu kumi na wawili walikuwa tayari kuapa kwamba walimsikia mwenyewe.

"Ulimsimamishia wapi?"

Hapo ndipo Kasmiri, aliyekuwa ameandika jina lake mpaka kwenye beseni, akasema hakulichora yeye.

Shuleni taarifa ilifika kwa mkato. Landrova ilisimama mbele ya ofisi, dereva akasema Bunda wanamhitaji mwanafunzi aliyechora bango la bucha. Mwalimu Susana akasema hamwachii msichana aende peke yake, akachukua pochi. Jeska alichana nywele. Njia nzima, kutoka Musoma mpaka Bunda, alikaa wima asikunje sketi. Alidhani wamemtambua. Alidhani labda mkaguzi amepitia Bunda kabla ya kuja Musoma, ameliona bango, ameuliza. Mwalimu Susana mwenyewe alimwambia, "Kama ni kweli umechora kitu cha kuitiwa gari, mimi nitaomba radhi."

Ofisi ya kata ilikuwa imejaa. Bango limeegemezwa ukutani na kamba yake, chini yake amekaa Kasmiri, amevimba mdomo. Sajini alikuwa nyuma ya meza, na mzee Keraryo kwenye benchi, kofia magotini.

"Huyu hapa," Kasmiri alisema alipomwona Jeska. "Huyu ndiye. Mwambieni aseme."

Sajini alimtaka mzee arudie maelezo ili binti asikie. Mzee Keraryo akasimama. Akaeleza pembe, akaeleza baka, akaeleza sikio lililokatwa mara mbili, na kila alichotaja watu waligeuka kukitazama kwenye bango wakatikisa vichwa kukubali. Jeska bado alikuwa anatabasamu kidogo, hajui aelekee wapi na tabasamu hilo.

"Hayo yako hapo mnayaona," mzee alisema. "Sasa nawaambia ambayo hayapo. Upande wa kulia, kwenye paja, ana kovu la moto. Mjukuu wangu alimwangushia kijinga cha moto akiwa ndama. Limekaa kama jembe. Ukimkuna pale anafumba macho anakuegemea."

Jeska alihisi uzito wa yule mnyama begani mwake, pale pale aliposimama.

"Binti," alisema sajini. "Bango hili umechora wewe?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Miezi yote ile alikuwa analisubiri, amelala nalo, amelijibia peke yake njiani kwa sauti. Na swali lilikuwa na ndugu yake nyuma: wapi ulimwona. Na nyuma ya hilo palikuwa na boma la Buswahili, na mjomba, na ada, na mama yake Kiriba ambaye angeulizwa na ukoo mzima kwa nini alimzaa mtoto wa kumfunga mjomba wake.

"Hapana, afande."

Kasmiri akainuka nusu.

"Mwanangu."

"Mimi nilikuwaga naosha burashi tu."

"Afande, anaogopa," Kasmiri alisema. "Ninayo barua. Niliiandika juzi, hata habari hizi hazijatokea." Akaingiza vidole mfuko wa shati akaitoa, imekunjwa mara nne, ina alama ya dole la rangi ya udongo. Sajini akaisoma kwa sauti mbele ya wote. *Mimi Kasmiri, fundi, nathibitisha kuwa kazi tatu hizi zimechorwa na Jeska kwa mkono wake bila msaada wangu, pamoja na ng'ombe wa Bunda. Katika wanafunzi niliofundisha na nisiofundisha sijaona jicho kama lake.*

Hiyo ndiyo barua ambayo Jeska aliilipia dagaa miezi minne. Sajini akaipiga pini kwenye faili.

"Unasemaje?"

"Ananisingizia."

Mwalimu Susana akamtazama kwa pembeni. Sajini hakuwa mjinga. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kipande cha chaki, akakiweka mbele yake.

"Chora ng'ombe hapo sakafuni. Tuone."

Jeska akapiga magoti kwenye saruji. Mkono ulitangulia kwenda unakojua, ukaanza kushusha mstari wa mgongo, akauzuia. Hakujua kwamba kuchora vibaya ni kazi. Kila mstari ulitaka kukaa mahali pake, akausukuma nje kama mtu anayefukuza watoto wake mwenyewe mlangoni. Akachora sanduku. Akalipachika miguu minne, imenyooka, minene, yote mbele. Kichwa akakichora cha mtu anayecheka, pembe mbili sawasawa kama masikio ya sungura, na mkia akaupandisha juu. Alipomaliza chaki ilikuwa imesagika mkononi.

Watu walicheka mpaka sungusungu mmoja akaweka rungu chini ashike tumbo.

"Huyu ni meza," mtu alisema. "Leteni chai."

"Meza yenyewe inacheka."

Kasmiri peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama ile miguu, machozi yanamtoka, siyo ya kujihurumia tu. "Chora, mwanangu," alisema taratibu. "Chora unachokiona."

"Nimechora, baba."

Mwalimu Susana akafunga pochi yake. "Afande, shule haina zaidi ya hapo. Na wewe Jeska, ile habari ya Sanaa tumeimaliza leo. Ulitaka nimwite mkaguzi kutoka Mwanza aje aone hiki?"

Walipotoka, mwalimu alikwenda kumtafuta dereva. Jeska akaenda bombani kunawa chaki. Mzee Keraryo alimfuata akasimama karibu, anatazama maji.

"Mimi nina wajukuu ishirini na mmoja," alisema. "Wote wanachoraga ng'ombe kwenye vumbi. Hata wa miaka minne anachora goti. Mtoto aliyekulia kwenye ng'ombe hawezi kulisahau goti mpaka amedhamiria."

Jeska aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata.

"Ningekurudisha ndani sasa hivi. Lakini watakuchapa wewe, na Meja atakuwa ameshavuka mpaka. Nijibu moja tu. Anakula?"

Ndoo ya mtu mwingine ikajaa ikamwagika, Jeska akafunga bomba.

"Anakula, babu."

"Haya. Mwambie anayemlisha asimfunge plau upande wa kulia. Bega lile linamuuma." Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa mkaguzi alikuja, akanywa soda, akaondoka. Jumamosi Jeska alikwenda Buswahili. Njia nzima alipanga namna ya kusema: mwenye ng'ombe amejulikana, ni mzee, anamwita Meja, mrudishe. Alipofika alipita nyuma ya boma kwanza. Kamba ilikuwepo, kigingi kilikuwepo, na kinyesi kilichokauka.

Mjomba Boniphace alikuwa mezani na Biblia.

"Nimemuuza Jumatano," alisema. "Habari za Bunda zilifika hapa kabla jua halijazama. Watu wa Sirari wamemchukua." Akasukuma bahasha upande wake wa meza. "Ada ya muhula hiyo. Na ya muhula ujao. Tuombe kwanza."

Akaomba, kwa kirefu, akiwataja na wasafiri wote walio barabarani. Jeska hakufumba macho. Alitazama bahasha.

"Mjomba, wamenitoa kwenye Sanaa."

"Afadhali," mjomba alisema, akiifunika Biblia. "Hiyo sanaa yako nusura inifunge. Kula, upate nguvu ya kurudi."

Kasmiri walimkalisha ndani siku tisa, kisha wakamwachia kwa kukosa ng'ombe. Bango likabaki kituoni kuwa kielelezo, limegeuzwa uso ukutani. Bernado alitafuta fundi mwingine, naye akamchorea ng'ombe kama mbuzi mgonjwa, na nyama ikanunuliwa vilevile. Jeska alipita mara moja nyuma ya barabara ya Mukendo na kibaba cha dagaa. Kasmiri alikuwa anaandika jina la duka la vipuri. Aliiona ile dagaa, akachovya burashi, akaendelea na herufi. Huyu mtu alitia chumvi kila kitu kilichomtokea maishani, hata mafua yake yalikuwa na jina la nchi yalikotoka. Lakini habari ya yule binti hakuitia chumvi. Hakuisimulia kabisa.

Mapishi yalifundishwa na Mwalimu Hyasinta, mama mnene mwenye huruma. Wiki ya pili somo likawa nyama.

"Chukueni madaftari," alisema. "Mchore ng'ombe mzima, mgawanye sehemu zake. Shingo, kidari, mbavu, paja."

Jeska akashika penseli. Mwalimu Susana alikuwa anapita madarasani siku hiyo, viatu vyake vinasikika kwenye korido. Vikasimama mlangoni. Vikaingia. Vikaja mstari kwa mstari, mpaka nyuma ya dawati lake.

Jeska akachora sanduku. Akaliwekea miguu minne iliyonyooka. Kwenye paja la kulia akaandika *paja*.

"Jeska," alisema Mwalimu Hyasinta alipofika, "hiki kitu kinaliwa kweli?" Darasa likacheka, na Jeska akacheka nao, na viatu vya makamu mkuu vikaondoka.

Ikawa hivyo mpaka kidato cha nne. Ng'ombe, kuku, sato, kabichi, vyote alivichora na miguu ya meza au mfano wake, maana hakujua ni siku ipi korido itakuwa na viatu. Mwanzoni mkono ulikuwa unauma. Baadaye ukaacha.

Jumapili moja, shangazi yake ameenda kanisani, alikaa jikoni peke yake na karatasi. Mbele yake palikuwa na sufuria ya Shangazi Helena, ile iliyoangushwa siku ya kipaimara, ina bonyeo kubwa tumboni ambalo kila ugali wa nyumba ile ulitoka nalo. Akafunga mlango na komeo. Akaitazama kwa muda. Akaichora kwa utulivu, kwa jicho lake lote, bila kumwogopa mtu.

Alipomaliza akaisogeza karatasi mbali kidogo. Ilikuwa sufuria nzuri, ya mviringo, haina hata alama. Ilikuwa mpya.